Bi Mshale na Nyota za Mashariki

Shangazi yangu hakumwamini mtu, na sisemi hivyo kumsengenya, maana hata yeye mwenyewe angekuambia. Akinunua nyanya alizipima kwenye mizani ya muuzaji, kisha akazipeleka kwa muuzaji wa jirani zipimwe upya, mbele ya macho ya yule wa kwanza. Mlango wake ulikuwa na kitasa, komeo, na kiti kilichoegemezwa kwa ndani. Ukimwambia habari za asubuhi alikutazama kwanza, kana kwamba anahakikisha kweli ni asubuhi.

Ukoo wetu wote ndivyo tulivyo, kwa hiyo mimi sikuona ajabu. Marehemu baba yangu, ambaye alikuwa kaka yake, alinusa maziwa ya ng'ombe aliyemkamua kwa mikono yake. Lakini shangazi alitupita wote kwa bahati, kwa sababu alipata kazi ambamo ugonjwa huo ulihesabiwa kuwa sifa. Alikuwa mwendesha mashine wa Jumba la Nyota.

Wasomi huliita planetaria. Ni ukumbi wa mviringo wenye dari kama bakuli lililofunikwa. Watu hukaa kwenye viti vya kuegama, taa zinazimwa, na mashine iliyo katikati inarusha nyota darini, mbingu nzima, mchana kweupe. Shangazi alikaa pembeni, nyuma ya meza ya swichi, kwenye kiti kilichofungwa sakafuni kwa bolti. Mkononi alikuwa na taa ndogo inayotoa mshale wa mwanga, na kwa mshale huo alionyesha nyota moja baada ya nyingine huku akizitaja. Ndiyo maana mji mzima ulimwita Bi Mshale. Mimi nilikata tiketi dirishani, kazi niliyoipata kwa mgongo wake, na nilikaa naye nyumbani kwake tangu baba alipofariki.

Wageni walidhani jumba lile lilijengwa na serikali kwa mara moja. Si kweli. Lilianza kwenye stoo ya madawati mabovu ya shule moja ya msingi, shangazi akiwa mwanafunzi mwenye magoti yenye makovu. Palikuwa na mwalimu wa jiografia ambaye mpaka leo watu wa jumba lile humwita Mwalimu tu, kana kwamba mjini hapajawahi kuwa na mwingine. Huyu alimwendea fundi bati anayetengeneza ndoo na vibatari, akamwomba amtengenezee tufe la bati. Fundi aliuliza la kazi gani. Mwalimu akasema la kuwekea mbingu. Fundi, mtu wa biashara, akasema sawa, lakini mfuniko utakuwa bei yake mbali.

Mwalimu alilitoboa tufe lile mwenyewe, sindano kwa nyota ndogo, msumari kwa nyota kubwa. Ndani akatia balbu. Juu ya stoo alitundika mashuka meupe yaliyoshonwa pamoja mfano wa mwavuli. Watoto wakalala chali kwenye mikeka, balbu ikawashwa, na shuka za mke wa Mwalimu zikajaa nyota. Shangazi aliniambia kwamba aliogopa mpaka akamshika mwenzake nywele.

Onyesho lilipokwisha, Mwalimu hakuwauliza kama wamefurahi. Aliwaambia, "Msiniamini. Jioni nendeni uani mkaangalie wenyewe, halafu kesho mje mniambie nimewadanganya wapi."

Watoto wengine walikwenda kucheza. Shangazi alikwenda uani. Alisimama amekunja shingo mpaka bibi yetu akamwita mara tatu kula, na kesho yake alimfuata Mwalimu mlangoni akamwambia, "Umeficha moja." Walifungua tufe pamoja, wakakuta buibui amejenga juu ya tundu. Mwalimu akachukua sindano, akazibua, kisha akampa shangazi tochi iliyofunikwa karatasi yenye tundu la umbo la mshale. Shangazi hakuirudisha tena.

Hapo ndipo ulipoanza utaratibu wao wa kuitikia. Tufe la bati liliziba kila mara, leo vumbi, kesho nyigu, kwa hiyo kila siku kabla ya watu kuingia, mwenye mshale aliitembeza taa yake mbingu nzima, akaitaja nyota, na wasaidizi walioketi viti mbalimbali wakajibu "Ipo" au "Haipo." Kusema "Haipo" ilikuwa sifa. Aliyesema alipewa pipi, na sindano ikaletwa. Shangazi aliniambia kwamba utotoni meno yake yaliharibika kwa ajili ya elimu ya anga.

Miaka ikapita, Mwalimu akabisha hodi kila ofisi mpaka halmashauri ikachoka naye, ikamjengea ukumbi wa mviringo. Kutoka ng'ambo ikaja mashine ndani ya makreti, nyeusi, yenye vichwa viwili vya duara na miguu myembamba, kila kichwa kimejaa vilenzi. Wafanyakazi wakaibatiza Mdudu. Mdudu hakuzibwa na buibui wala nyigu. Mwalimu alimwendesha kwa muda mfupi tu, akaugua, akafa, na ufunguo akamwachia shangazi.

Shangazi hakuacha kuitikiwa. Kila asubuhi mfagiaji, mlinzi na mpanga viti walikaa gizani, yeye akiita, wao wakijibu. Nyota zote zilikuwepo, mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyesema "Haipo" tena, na pipi zikasahaulika.

Aliwahi kuolewa, tena na mtu mpole, fundi viti aliyekuja kushona viti vya ukumbini. Mume huyu alihudhuria kila onyesho na kusifu kila onyesho. Shangazi akaanza kumshuku. Siku moja wakiwa mezani akamwuliza, "Leo nimeonyesha nini?" Mume akasema, "Nyota." Siku iliyofuata alimulika mshale usoni kwake katikati ya onyesho, akamkuta amelala, mdomo wazi. Aliomba talaka. "Mtu akiweza kusinzia mbele ya mbingu yangu na kunisifu mlangoni," aliniambia, "atanidanganya mangapi mengine?" Nilimwona amemkosea yule baba wa watu, na sikumwambia, kwa sababu nilikuwa nakula kwake.

Basi ndivyo alivyokuwa siku alipoletwa Kompyuta.

Hilo ndilo jina tulilompa fundi kijana, mwenye ndevu alizozichonga kwa uangalifu, aliyetumwa na halmashauri kupima ukumbi. Habari zilikuwa zimeshavuma. Mashine mpya za kompyuta zingeonyesha si nyota peke yake, bali hata safari ya kwenda mwezini na dinosau wakitaka. Lakini halmashauri haikuwa imeamua. Meneja wetu, mtu aliyependa amani kuliko ukweli, alitutangazia kwamba Mdudu akiwa mzima atabaki, mitambo mipya itasubiri. Akionekana amechakaa atang'olewa. Na shangazi alijua, kama tulivyojua sote, kwamba Mdudu aking'olewa, kiti chake kinang'olewa pamoja na bolti zake.

Kompyuta alipanda ngazi, akashuka, akapima, akapiga picha. Alisalimia vizuri. "Shikamoo mama." Shangazi aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayepokea noti bandia.

Wiki hiyo hiyo nyota zikaanza kupotea.

Aliniambia jikoni, akimimina chai. "Mashariki panapungua," alisema. "Zile ndogo za pembeni hazipo. Jana zilikuwepo tatu, leo naona moja." Chai ilimwagika nje ya kikombe, akakitazama kikombe kwa hasira. "Nani amekisogeza?"

"Hakuna aliyekigusa, shangazi."

"Kikombe hakina miguu," akasema.

Nilipangusa meza. Siku hizo alikuwa akigombana na vyombo vyote vya nyumbani. Stuli ilihamishwa, mlango uliachwa nusu wazi makusudi ajigonge bega, jirani wa kushoto alipita bila salamu. Mimi nilijua ukoo wetu. Nilisema ni hofu ya kung'olewa tu, imempanda kichwani.

Lakini na mimi nina damu ile ile. Nilianza kumwangalia Kompyuta kutoka dirishani kwangu, na mtu ukimwangalia kwa nia mbaya hakosi kukupa sababu. Alibaki ukumbini watu wakitoka kula. Alifunga mlango kwa ndani. Mara kwa mara alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa na kitu cha duara kilichofungwa kwa kitambaa, amekikumbatia kama kuku wa wizi, na akiona mtu alikihamishia upande wa pili.

Nilimweleza shangazi. Alitikisa kichwa taratibu kukubali, kama mgonjwa aliyeambiwa jina la ugonjwa wake. "Vilenzi," alisema. "Anang'oa vilenzi vya mashariki kimoja kimoja, Mdudu aonekane kipofu. Kisha wataandika amechakaa. Mwenye macho haambiwi tazama, mwanangu."

"Si asubuhi mnaitikiana? Mfagiaji anasemaje?"

Hapo ndipo sura yake ilipobadilika. "Wanasema ipo," alisema. "Naimulika mahali peusi, pasipo na kitu, nataja jina, na wote watatu wananijibu ipo. Wamenunuliwa."

Mfagiaji wetu, tuliyemwita Mzee Ufagio, alikuwa na shangazi tangu enzi za makreti. Kama yeye amenunuliwa, basi hapakuwa na mtu tena. Nikamkumbuka yule mpanga viti alivyokuja na viatu vipya. Nikamkumbuka mlinzi alivyocheka na Kompyuta getini. Kila kitu kilikaa mahali pake vizuri mno, na nikiri kwamba niliona raha fulani, ile raha ya mtu aliyedhani ubaya akaukuta.

Kesho yake nilimvizia Kompyuta kwenye mlango wa nyuma. Alipotokeza na kile kitambaa nilimkinga njia.

"Fungua."

"Dada, hiki ni changu."

"Kama ni chako, fungua."

Alitazama huku na huku, uso umemwiva. Akafungua. Ndani kulikuwa na bakuli lenye mfuniko, na ndani ya bakuli mkate na mayai mawili yaliyokwisha kumenywa.

"Mama ananifungia," alisema kwa sauti ya chini. "Namwambia mimi ni mtu mzima, hasikii. Sitaki wanione hawa, watanicheka."

Nilicheka mimi kwa niaba ya wote. Lakini nikirudi dirishani kicheko kilikatika, kwa sababu kama si vilenzi, basi mashariki palikuwa na nini? Nilimpelekea shangazi habari ya mayai. Alinisikiliza, akanitazama, akaniuliza kama nilihakikisha chini ya mkate. Sikuhakikisha. "Umeona?" alisema.

Siku hiyo hiyo akaenda kwa meneja, akamshtaki Kompyuta kwa kuhujumu mali ya umma. Hakuzunguka. Alisema kijana yule anaharibu mashine, kwamba wafanyakazi watatu wanamficha, na kwamba asipofukuzwa yeye atakwenda polisi na gazetini, na mji mzima unamjua yeye ni nani. Meneja alitokwa na jasho mpaka kwenye tai. Kompyuta alikuwa kwenye majaribio ya kazi. Shtaka kama lile lingemmaliza hata bila polisi. Meneja alisema Jumatatu, siku jumba linapofungwa kwa wageni, tutaingia sote ukumbini na Bi Mshale ataonyesha kilichoibwa. Akithibitisha, kijana anaondoka siku hiyo hiyo. Asipothibitisha hakusema itakuwaje, lakini ukimya wake ulitosha.

Shangazi alisema, "Nataka binti ya kaka yangu awepo. Huyu hajawahi kuitikia. Na hanidanganyi."

Jumatatu asubuhi alivaa gauni lake la kazi lililopigwa pasi. Njiani alinishika mkono kwa nguvu kwenye kila ngazi, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, na mimi nikadhani ananitegemeza mimi.

Tulikaa. Meneja karibu na mlango, Kompyuta peke yake mstari wa mbele, Mzee Ufagio na mlinzi na mpanga viti kwenye viti vyao vya siku zote. Mimi nilikaa karibu na meza ya swichi. Taa zikazimwa, na shangazi akatuweka gizani kimya, kama alivyowafanyia wageni wote, macho yazoee. Nilimsikia akipumua kwa pua. Kisha akamwasha Mdudu.

Nakiri sikuwa nimeingia mle kwa muda mrefu. Mkata tiketi hukaa nje akiuza kitu asichokiona. Nyota zilipojaa nilijisikia mjinga kwa furaha, na nikakumbuka nimekuja kwa kesi.

Mshale ulitoka mezani, ukaenda upande wa kusini, ukasimama.

"Suheli," shangazi akaita.

"Ipo," akajibu Mzee Ufagio. "Ipo," mlinzi. "Ipo," mpanga viti.

Niliangalia ncha ya mshale. Palikuwa peusi.

"Suheli nimeiziba mimi," shangazi alisema, bila kupandisha sauti. "Leo asubuhi, kabla hamjaingia, kwa karatasi nyeusi na gundi, kwa mkono wangu huu. Haya, nani anaiona?"

Meneja alikohoa. Nilisikia kiti cha Mzee Ufagio kikilia.

"Amewapa nini?" shangazi akauliza.

"Hajatupa kitu, mama," Mzee Ufagio alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. "Wallahi tena. Ni shingo yangu. Tangu Mwalimu afe mimi sijaangalia juu. Mashine hii haikosei. Wewe unaita, sisi tunaitika, halafu nakwenda kufagia."

"Na nyinyi?"

"Ndiyo hivyo hivyo," alisema mlinzi. Mpanga viti alisema yeye alidhani ni sala.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Miaka yote ile alikuwa akiita mbinguni na kujibiwa na shingo zilizoinama. Alikuwa sahihi kuwashuku. Hawakumsaliti kwa fedha wala kwa chuki, walimsaliti kwa mazoea, na sijui kama hilo ni afadhali.

"Umesikia, meneja," shangazi alisema. Sasa sauti yake ilikuwa na nguvu ya ushindi. "Hao ndio mashahidi wake. Sasa twende mashariki."

Mshale ukavuka dari, polepole, ukaja upande wetu wa kushoto. Ulitikisika kidogo, ukatulia.

"Dabarani," alisema. "Jicho jekundu la Ng'ombe. Hata mtoto wa chekechea anaijua. Tangu Ijumaa haipo. Hapa ni peusi kama chungu."

Niliangalia.

Ilikuwepo. Ilikuwa kwenye ncha ya mshale kabisa, nyekundu kidogo, inang'aa kuliko zote zilizoizunguka. Na zilizoizunguka zilikuwepo pia, ndogo kwa kubwa, mashariki nzima imejaa kama unga uliomwagika. Nikatazama tena nikidhani nimekosea mahali. Mshale haukusogea. Ulikuwa umeishika nyota ile, na mwenye mshale alikuwa anasema hakuna kitu.

Hapo kila kitu kilinirudia kwa mpigo: chai nje ya kikombe, stuli, bega lililojigonga mlangoni, upande ule ule wa kushoto, na jirani wa kushoto ambaye huenda alisalimia kwa mkono tu. Mkono wake kwenye ngazi. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tunapekua bakuli la mayai la mtoto wa watu.

Nilimtazama meneja, nikaona uso wake umeelekea juu. Alikuwa anaiona. Kompyuta alikuwa anaiona pia, nilijua kwa jinsi alivyoinamisha kichwa badala ya kujitetea. Angeweza kusema neno moja akajiokoa. Hakusema. Sote tulikuwa tunaiona isipokuwa yeye, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Mzee Ufagio, masikini, ndiye aliyejaribu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema, "Haipo, mama. Kweli haipo."

"Wewe nimekuuliza?" shangazi akamkata. Kisha akanigeukia. Gizani sikuyaona macho yake, niliona tu upande wa shavu lake ukimulikwa na taa za swichi. "Wewe. Binti ya kaka yangu. Ipo au haipo?"

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikisema haipo, atakuwa na mashahidi wawili, na meneja yule, kwa kupenda kwake amani, angemwandikia kijana barua kabla ya mchana. Shangazi angerudi nyumbani mshindi, angefungua mlango kwa kitasa na komeo, na angeendelea kuwa Bi Mshale wa mji mzima, labda kwa mwaka mmoja zaidi. Nilimpenda kiasi cha kutaka kumpa mwaka huo. Lakini alikuwa amenichagua mimi kwa sababu moja tu, na sababu hiyo alikuwa ameitaja mbele ya watu.

"Ipo, shangazi," nikasema.

Mshale haukusogea.

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Ipo. Ni nyekundu kidogo."

Nilitegemea anitukane, aseme na mimi nimenunuliwa, na kwa sekunde fulani nilitamani aseme hivyo. Badala yake mshale ulisogea upana wa kidole, juu kidogo, ukasimama.

"Na hapa?"

"Zipo mbili. Moja hafifu."

Ukasogea tena. "Hapa?"

"Ipo."

"Hapa?"

"Ipo, shangazi."

Alinipitisha mashariki yote namna hiyo, kwa kumbukumbu ya mkono, bila kutaja majina, mahali baada ya mahali palipokuwa peusi kwake, na kila mahali nilimwambia nilichokiona. Sauti yangu ilikuwa imekwisha kuharibika kwa machozi. Yake haikuharibika. Aliuliza kama alivyomwuliza muuzaji wa nyanya, bila kupokea jibu kabla ya kulipima, na safari hii kila jibu lilipimwa likakutwa zito sawasawa. Mwishowe mshale ulianguka kutoka darini ukalala sakafuni kati ya viti.

Baadaye daktari alisema jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufa zamani, na la kulia lilikuwa njiani. Alisema ugonjwa ule huingia kimyakimya kutoka pembeni. Shangazi alitaka daktari wa pili, kisha wa tatu, wapime mizani ya yule wa kwanza. Walisema vilevile.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumatatu ile tulikaa gizani na hakuna aliyejua taa ziwashwe na nani.

"Wewe kijana," shangazi akasema.

"Naam, mama." Kompyuta alisimama.

"Mama yako anakufungia chakula kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Usimkataze. Suheli ina gundi. Nimeibandika mimi. Panda ukaitoe, lakini usishike kilenzi kwa kidole, tumia kitambaa kile kile cha bakuli."

Kijana alipanda. Tulisikia karatasi ikibanduka, tukasikia akipuliza, na kusini nyota kubwa nyeupe ikarudi mahali pake. Shangazi aliitafuta kwa mshale. Upande huo bado aliuona. Aliipata mara moja. Aliishikilia pale, na mkono wake ulikuwa umetulia kama zamani.

"Suheli," akaita. Kisha akafanya jambo ambalo, katika miaka yote ya kuitikiana, hakuna aliyewahi kumsikia akilifanya. Aliuliza. "Ipo?"

Niliwasikia wakijiweka sawa kwenye viti, mlinzi, mpanga viti, hata meneja. Mzee Ufagio alishika kisogo chake kwa mikono miwili, akakiinua kichwa taratibu, akigumia, mpaka uso wake ukaelekea juu. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Ipo," akasema.